Kila Chombo Kiwe na Baba

Tik. Tik. Alfajiri, gizani, Adelaïde alikuwa akipanga mayai ya biashara ndogo ya nyumbani, yai likigusa yai, wakati simu ilipomletea tangazo la Bureau ya Vyombo ya Kashuga. Ndiko alikofanya kazi. Yeye ndiye aliyeandika programu ya mashini yao ya tiketi za kupakia mizigo.

"Wananchi wote wafurahi! Kuanzia leo, ndani ya mashini ya Bureau, hakuna chombo bila baba."

Sababu ilikuwa nzito. Hapa Masisi, kabla ya kukuuliza jina, watu wanakuuliza, "Uko mutoto wa nani?" Papa Hubert, Chef de Bureau, mkuu wa ofisi hiyo, aliona haya kwamba kapu na bidoni za maji ziliishi ndani ya programu bila ukoo. Akaamuru zote zirithi maagizo ya kubebwa kwa Gunia la Chochote, yule mkubwa mwenye pengo: ukimjaza maharagwe ni Gunia la Maharagwe, ukimjaza muhogo ni Gunia la Muhogo.

Mtoto hachagui urithi. Siku ile ile mashini ikatoa tiketi: *Kapu la Mayai. Funga kinywa. Tingisha yashikane. Rusha juu ya kamiyo.*

Théoneste, mbeba mizigo anayeheshimu sana maandishi, alirusha kapu juu ya lori.

Siku ya pili Mama Jeannette, mwenye mayai, akafika mbio.

— Mayai yangu imefika Mpofi, wananiambia asante kwa omeleti! Nani aliandika hii?

Chef alikuwa na jibu tayari: aliyeandika ni Adelaïde, na kapu lingine likivunjika atafukuzwa kazi.

Adelaïde aliingia ofisini na binti yake Olga mgongoni.

— Papa Chef, kapu haiko mutoto wa gunia. Kwa masomo ya mangaribi, kisha kazi, walitufundisha kuunga vipande: tunaipatia kifuniko, tunaipatia mukono, na nafasi ya kuweka mayai ao machungwa. Ukiazima kamba kwa jirani, unageuka mutoto wake?

— Unataka kuzaa yatima ndani ya Bureau yangu?

— Hapana, Papa.

— Basi na miye uniingize ndani ya mashini. Kesho ninaenda Walikale kwa mukutano. Chef bila ukoo, iko chef gani?

Adelaïde akatii, neno kwa neno.

Kesho yake, mbele ya barabara nzima, mashini ikatema: *Gunia la Chef.* Théoneste akasoma mara mbili, akavua kofia, akachukua kamba.

— Pole, Papa Chef. Kufunga kinywa njo agizo ya kwanza.

— Uko wazimu? Miye niko muntu!

— Muntu haikuandikwa hapa, Papa.

Chef akafungwa kinywa, akatingishwa ashikane. Akainuliwa kuelekea kamiyo, amekumbatia gunia dogo la nguo zake za safari, viatu vikipepea. Hapo kamba ikateleza kinywani, na sera ya taifa ikabadilika hewani:

— Adelaïde! Urithi umefutwa! Unga vipande!

— Hata kapu, Papa? Na kazi yangu?

— Kapu, bidoni, kazi yako, yote! Andika upesi!

Adelaïde akaandika. Lakini Théoneste hakumshusha Chef. Alitaka kwanza ajulishwe rasmi tofauti ya Chef na gunia iko wapi.

Olga akachungulia begani kwa mama yake.

— Ule Papa haiko gunia, iko na gunia tu.