Malori Yameniharibia Mti wa Krismasi

Bahati, Nakuru.

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima, na kwamba hewa ya ofisini kwako ni safi kuliko yangu. Mimi ni mkulima, na ua wangu wa kando ya barabara ni wa miti ya saiprasi aliyoipanda marehemu baba. Kila Desemba kanisa letu hukata mti wa Krismasi kwenye ua huo, na kila mtu hujua umetoka kwetu. Mwaka huu kamati imekataa. Imeenda kwa Kahiga kule Kabazi, mtu asiyejua hata kupogoa. Niliumia, Mhariri, nisikufiche.

Wa kulaumiwa ni malori yanayopanda mlima huu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Moshi wao umeifanya miti iwe myeusi kama sufuria ya githeri. Matawi yanakauka na majani yanapukutika.

2. Krismasi iliyopita watoto wa kwaya waliuzunguka mti wetu wakiwa wamevaa kanzu nyeupe. Walipomaliza kuimba, Mama Wariara, mwenyekiti wa kamati, aliniuliza mbele ya mchungaji kama nilileta mti au makaa.

3. Malori haya ni majanja. Miti imeungua zaidi upande wa ndani, unaotazama nyumba yangu, ilhali upande wa barabara una kijani cha kutosha. Nimetafakari nikagundua kwamba moshi huruka ua, hugeuka, kisha hushambulia kwa nyuma.

4. Hufanya hivyo alfajiri, barabara ikiwa tupu. Sijayaona hata siku moja, jambo linaloonyesha yalivyozoea kujificha.

Kwa hivyo naomba serikali iamuru kila lori lizimwe chini ya mlima, lisukumwe kwa mikono hadi lipite boma langu. Madereva wakichoka tutawapa uji. Kamati nayo iambiwe kwamba miti ya baba haina hatia.

Wasalimie wenzako wote, hata anayewapikia chai.

Ni mimi niliyeonewa,
Nderitu Muiruri

Nilichosahau: Barua hii naileta mwenyewe kwa pikapu yangu, kwa hivyo mwambie askari wa langoni asiwaite zimamoto. Hutoa moshi kidogo tu inapopashwa moto. Mke wangu, Wamaitha, aliniamuru niiwashe kila alfajiri bomba lake la moshi likiwa limeelekea ile miti, ili isichafue nguo kwenye kamba. Nguo zetu, namshukuru Mungu, ni safi kabisa.