Haki Zote Nimezihifadhi

Jumatatu, 3 Machi
Tovuti yangu ya mashabiki wa mchezo wa Ngome ya Ukungu iko hewani! Wageni wawili. Mmoja mimi, wa pili mke wangu, aliyebonyeza vibaya. Jirani yangu fundi cherehani ana tovuti ya mchezo huohuo na watu wanafurika. Sielewi. Picha anachora mwenyewe kwa penseli. Joka lake ni mbuzi mwenye mabawa.

Nimeingia kwenye tovuti ya kampuni yenye mchezo, nikachukua picha zenyewe hasa: majoka, mashujaa, ngome nzima. Chini wameandika, "Haki zote zimehifadhiwa." Moyo ukatulia. Waungwana hawa. Wamezihifadhi zote, hata moja haijapotea. Nami nikabonyeza Hifadhi.

Jumanne, 4 Machi
Wageni wanamiminika! Wananiita Mkuu. Nyumbani naitwa "wewe". Dukani kwetu naitwa "yule wa viatu". Nimesoma neno Mkuu mara kadhaa, machozi yakanilenga. Tovuti hii siiachi hata kwa dawa.

Fundi akaja kuniuliza kama nimesoma masharti ya mashabiki. Eti kampuni inaturuhusu kutumia picha, mradi tusizibadilishe, tusizifanyie biashara, na tuandike kwamba ni zao. Ruhusa, halafu masharti? Ruhusa gani hiyo? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zangu anashona yeye. Nikamshukuru, nikafunga mlango.

Jumatano, 5 Machi
Nahofia fundi ataniibia picha. Nimeandika jina langu juu ya kila moja, kwa herufi nyekundu.

Halafu wazo! Mama mkwe anatengeneza sabuni, na tangu harusi ananitazama kama doa. Nimemnyang'anya shujaa upanga, nikampa mche wa sabuni. Chini nikaweka namba ya simu ya mama mkwe. Imependeza mno. Joka linaonekana kuogopa kuogeshwa. Mama mkwe ametuma salamu, za kwanza!

Fundi alipita, akaiona, akaomba maji ya kunywa.

Alhamisi, 6 Machi
Barua pepe kutoka kwenye kampuni! Nilidhani pongezi. Wanasema nimebadilisha picha zao, nimezitumia kutangaza bidhaa, nimeweka jina langu. Nirekebishe kufikia kesho mchana, la sivyo wataomba tovuti ifungwe. Wamemalizia: haki zote zimehifadhiwa.

Sasa hapo ndipo kichwa kinapozunguka. Kama zimehifadhiwa, mimi nimeharibu nini? Nimewajibu kwa heshima kwamba wasiwe na shaka, zangu pia zimehifadhiwa, kwenye kompyuta na kwenye flashi. Wakipoteza zao, waniambie tu.

Mke wangu akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimechanganyikiwa zaidi. Mkuu si ndiye mimi?

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi mke wangu ameisoma barua, akaketi kitandani, akaniita mume wangu. Nikajua mambo ni mazito.

"Mume wangu, kuhifadhiwa hapa si kuwekwa kabatini. Maana yake haki ni za kwao peke yao. Wewe huna hata moja."

Hata moja! Nikamfuata fundi, nikamkuta na futi yake ya kupimia shingoni. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Jirani, toa sabuni, toa jina lako, andika la kwao. Basi. Utabaki na tovuti yako."

Basi? Jambo la kutisha hivi linaishaje kwa basi? Nikaona mtego. Nimerudi nikakaa kuutafuta mtego huo. Sikuupata. Nilipoinua kichwa mchana umepita na tovuti haipo. Ukurasa mweupe. Hakuna joka, hakuna ngome, hakuna anayeniita Mkuu. Nimelia, nasema wazi.

Mama mkwe naye kapiga simu. Watu wanampigia kuulizia upanga.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi amekuja na bahasha. Ndani, michoro yake yote ya penseli. Akasema nifungue tovuti nyingine, niitumie michoro hiyo nipendavyo, niandike tu kwamba kachora yeye. Tena amewaambia wageni wake kwamba Mkuu anarudi. Nimemkumbatia, pini zake zikanichoma kifuani.

Mtu mwema huyu. Nilimdhania vibaya, Mungu anisamehe.

Jumapili, 9 Machi
Tovuti mpya iko hewani! Wageni wamerudi. Nimeshapata somo: picha za kampuni ni balaa, za jirani ndizo salama.

Mbuzi mwenye mabawa ana mdomo mpana, mche wa sabuni umeingia sawasawa. Jina la fundi lilikuwa linabana pale pembeni, nimeweka langu, ni fupi. Mke wangu ametazama, akatoka nje bila viatu.

Ila safari hii sibahatishi. Chini kabisa nimeandika haki zote za fundi zimehifadhiwa. Kisha nikabonyeza Hifadhi mara mbili, zisije zikapotea.