Pashmina Iliyokwama Kwenye Pete

Leo nimeaibika, na aibu yenyewe nimeitafuta kwa mikono yangu.

Tuko Msambweni, nyumbani kwa wakwe zangu. Kesho anaolewa wifi yangu Mwanasiti, mdogo wa mume wangu. Zawadi yangu ilikuwa shali ya pashmina, niliyoinunua kwa mchuuzi mmoja kule Diani. Nzuri, ya rangi ya zafarani. Nikamvisha mabegani mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele. Akaipenda, akasema ndiyo atakayotokea nayo kesho.

Ningenyamaza hapo. (Sikunyamaza.)

Nikaanza kuwasomesha. Nikawaambia hii ni sufu ya mbuzi wa milima ya baridi, mbali huko Bara Hindi. Kwamba chini ya manyoya yao ya kawaida huota mengine laini ya kujikinga na baridi, na baridi ikiisha huchanwa kwa kitana, na mbuzi mmoja hutoa ya kujaza viganja tu. Mama mkwe akauliza kama hawa wetu wa Kinango nao wanayo. Nikamjibu, kwa kujidai kabisa, kwamba mbuzi wa Kinango, na jua lile, sweta la nini?

Wakacheka. Nikavimba kichwa.

Shangazi wa mume wangu, Bi Riziki, akaipapasa shali, akasema mbona inateleza kama kitambaa cha mwavuli. Hapo ndipo niliponasa. Nikasema pashmina ya kweli hupita ndani ya pete, nikamwomba Mwanasiti pete aliyovaa. Ilikuwa ya fedha, nyembamba, aliachiwa na marehemu bibi yake. Akasita kidogo, akaivua.

Ncha ikapita. Robo ikapita. Nusu ikakataa. Nikavuta. Nikamwomba mama mkwe ashike upande wa pili (ndiyo, mama mkwe), tukavutana kama watu wa mashindano ya kamba. Haikwenda mbele wala haikurudi nyuma. Tukapaka mafuta ya nazi. Ikaloa tu, ikazidi kukaza.

Mwishowe Bi Riziki akachukua mkasi, akaikata shali katikati. Uzi mmoja akauweka kwenye kaa la jiko. Sufu ikiungua hunuka nywele. Huu ulinuka plastiki, ukajikunja ukawa punje nyeusi.

"Mwanangu," akaniambia, "mbuzi huyu alizaliwa kiwandani."

Hata mimi ningecheka, lakini Mwanasiti alikuwa akiijaribu pete. Ilikuwa imepinda kwa kule kuvuta, haiingii tena kidoleni. Akanitazama, macho yamejaa machozi, akasema taratibu, "Si neno, wifi."

Afadhali angenitukana.

Mume wangu ameichukua kwenda nayo Ukunda kumtafuta sonara. Hakuniaga. Mimi niko uani namenya vitunguu, kazi niliyojichagulia mwenyewe ili nikitokwa na machozi nisiulizwe.

Mwenye kucheka na acheke huko huko kwake, ila asinipigie simu: mama mkwe amekaa hapa kando yangu.