Ombi la Nyumba Yangu Kuandikishwa Kuwa Mtaro

Kwa Ndugu Mhandisi wa Barabara,
Ofisi za Halmashauri, ghorofa ya kwanza, mlango usio na kitasa.

YAH: NYUMBA YANGU KUTAMBULIWA RASMI KUWA MTARO WA MAJI YA MVUA

Ndugu Mhandisi,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mimi ni fundi cherehani wa nyumba ya tatu, upande wa chini wa barabara yenu mpya. Wengi hunijua kwa jina la Fundi Pindo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, miguu nimeikunja, kwa sababu sakafu ina mgeni. Siandiki kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo wiki iliyopita, ikalowa pamoja na vitu vingine.

Kwanza niwapongeze. Barabara ni nzuri, imenyooka kama mshono wa suruali ya bwana harusi. Tena sheria inataka kila barabara mpya iwe na mtaro wa maji ya mvua, na mtaro mmeujenga kweli, wa zege, tena una mifuniko. Kasoro ni ndogo tu. Barabara imeinamia upande wa chini, mtaro mmeuweka upande wa juu, na maji, kwa ile tabia yao ya tangu na tangu, huteremka. Kwa hiyo naleta mbele yako malalamiko yangu, moja baada ya jingine.

1. Maji yote yanayoiangukia barabara kuanzia sokoni huja kwangu. Majirani nao yanawagusa, ila mlango wangu ndio ulio chini kuliko yote. Yanaingia bila hodi, yanapita chumba cha cherehani, yanafuata ukumbi, yanatokea mlango wa jikoni. Wengine husema maji yamewafika shingoni. Mimi sipendi kutia chumvi, yangu ni ya magotini. Mvua ya kwanza iliondoka na ndala za familia nzima, ikayakuta mashati meupe ishirini ya watoto wa shule chini ya bunda la kitambaa cha buluu. Sasa ni mashati ya buluu. Mwalimu mkuu amekuja kuyatazama, akayahesabu, akayaacha.

2. Baada ya mvua hiyo mlimtuma mkaguzi, kijana wa watu, mpole, amevaa viatu vya mpira. Alisimama katikati ya chumba changu, akapima ukumbi kwa futi, akainama akachungulia mpaka jikoni, akafurahi. Alisema, “Mzee, hapa maji yanapita vizuri sana,” akaandika kwenye daftari lake: hakuna kizuizi. Ndugu Mhandisi, mtaro ni nini tena zaidi ya hapo? Upana ninao, mteremko ninao, pa kuingilia na pa kutokea ninapo. Mtaro wenu wa zege haujawahi kupitisha hata kikombe kimoja, na bado umeandikishwa. Mimi ninayefanya kazi sijaandikishwa. Hiyo ni haki gani?

3. Naomba basi nipewe stahili za mitaro mingine. Nimeambiwa mtaro wa halmashauri husafishwa mara mbili kwa mwaka, na huwekewa kibao cha kukataza watu kutupa taka. Kibao hicho nilikihitaji tangu jana. Mpaka sasa nimepokea gurudumu moja, viatu vitatu vyote vya mguu wa kushoto, na ubao wa matangazo wa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Kinyozi alikuja kuufuata akanikuta nimeushika, akaniuliza mbele ya watu nimeanza lini kuchukua vitu vya wenzangu.

4. Huko juu nako, heri yao! Kinyozi ameweka benchi la wateja juu ya mifuniko yenu. Fundi viatu ameondoa mfuniko mmoja, na kila baada ya chakula cha mchana hushuka humo na mto wake akalala. Mtaro wenu, Ndugu Mhandisi, ni mkavu kuliko kitanda changu. Napendekeza tubadilishane: maji yapewe nyumba, mimi nipewe mtaro. Nimeshakwenda kupima, fundi viatu alipoamka. Cherehani inaingia. Meza haiingii, lakini naweza kukatia kitambaa magotini. Wateja watasimama barabarani, nami nitawapima kuanzia chini kwenda juu.

5. Hili la tano lingekuwa la kwanza, ila nilikuwa sijapata ujasiri. Mke wangu ameondoka. Siku ya pili baada ya mvua alimaliza kudeki, akajifunga kanga yake nzuri, akaja ofisini kwenu kuuliza kwa nini mtaro upo upande usio na maji. Karani wenu akamfungulia faili. Sijui alimwonyesha nini humo. Alirudi, akafunga mizigo, akachukua na kopo lake la sindano, akaenda kwa mama yake. Vifungo vyote vya duka hili anashona yeye. Nina nguo za mwezi mzima zisizofungika, na nyumba haina mtu wa kunigombeza. Nilipompigia mama mkwe kumweleza mafuriko yaliyonipata, alinijibu, “Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole,” akakata simu. Mtu mzima yule, labda hakunisikia vizuri.

Naomba ofisi yako imwandikie mke wangu barua, ikieleza kwamba kosa la mtaro ni lenu lote, toka mwanzo mpaka mwisho, na kwamba mume wake ni mtu aliyeonewa. Igongwe mihuri miwili. Mmoja hatauamini.

Nisipojibiwa ndani ya siku kumi na nne nitagoma. Mvua ikinyesha nitafunga mlango wa mbele, niupigilie ubao. Hapo maji yatakosa mahali pa kupita, yatarudi barabarani kwenu, na mtajua ni nani aliyekuwa akiwabeba siku zote hizi.

Nakutakia afya njema na miguu mikavu. Nisalimie mkaguzi na viatu vyake, mlinzi wa getini, mama anayewapikia chai, na karani wa mafaili, ingawa huyo nina neno naye.

Ni mimi, mtaro wenu mtiifu,

Fundi Pindo

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nikaifungua. Faili unalo, utaliona tu, basi bora ulisikie kwangu. Mchoro wenu wa kwanza ulikuwa na mtaro upande wa chini, mbele ya mlango wangu. Ungekata baraza langu hatua mbili, pale wanapokaa wateja. Ni mimi niliyezunguka nyumba kwa nyumba na karatasi ya kuupinga. Ni mimi niliyesema upelekwe juu, kwa wale wanaojiona. Sahihi ziko arobaini na moja, nanyi mkatusikiliza. Ya kwanza ni yangu. Ya pili ni ya mke wangu, na yeye alikataa. Alisema, “Baba watoto, maji hayasomi karatasi.” Nikamtilia sahihi mwenyewe, yeye yuko chumba cha pili ananishonea vifungo. Hiyo ndiyo aliyoikuta kwenu. Hakuondoka kwa sababu ya maji, maji alikuwa ameshayadeki.

Baraza nimeanza kulivunja leo asubuhi, kwa nyundo ya kinyozi. Chimbeni mnapotaka. Hayo mengine yote niliyoomba yatupe. Naomba moja tu: lifute hilo jina la pili, ugonge mhuri pembeni, unipe nakala. Nitampelekea mwenyewe kwa mama yake, kwa miguu.