Nilivyomtupa Baba Mkwe Ziwani

Jumatatu, 3 Juni. Nyasubi, Kahama.
Mpenzi wangu Vaileth kaniambia baba yake anakuja Jumamosi kutoka Ushirombo. Anataka kuniona kabla hajasema lolote kuhusu posa. Mzee Otmar ni katekista, haongei sana. Nami nina nini cha kumwonyesha? Chumba cha kupanga na meza ya kutengenezea simu. Kisha nikakumbuka mashindano ya gemu kwa Hiral, mwenye kibanda cha gemu, Jumamosi hiyohiyo. Nikamwambia Vaileth amlete mzee aone ninavyoshinda. Akauliza ninashinda tangu lini. Nikasema siku hizi.

Jumanne, 4 Juni.
Mazoezi kwa Hiral. Gemu lenyewe ni mbio za vigari vilegevu kama ugali mbichi. Ukikata kona, matairi yanatangulia, bodi inafuata baadaye. Ukigongwa unarukia ziwani, dereva wako anapiga mayowe. Sikumaliza hata raundi moja. Nasibu, fundi matairi, alimaliza zote huku anatafuna muwa. Akanishauri nikanyage mafuta taratibu. Alisema kwa upole. Afadhali angenicheka.

Alhamisi, 6 Juni.
Hiral kaniletea pedi zake za kuchezea nizisafishe. Sikumwomba, zimejileta. Nasibu hashiki nyingine ila ile nyekundu. Nimelegeza kijiti chake, gari livute kushoto muda wote; skrubu moja ikanipotea, nikaweka ya simu. Nilipozirudisha Hiral alinishukuru sana, akanipa na chevda, vitafunio vya pilipili alivyokaanga mama yake. Nimeiweka mezani, sijaila.

Jumamosi, 8 Juni.
Siku mbaya.
Mzee kafika na koti la kanisani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Hiral akasema mgeni acheze kidogo na mimi kabla ya mashindano. Nasibu akainuka mwenyewe, akampa mzee kiti chake na pedi nyekundu. Nikasema hiyo si nzuri. Nasibu akasema ndiyo nzuri kuliko zote. Ningeeleza vipi?
Nikaamua kushindwa makusudi, mzee afurahi. Nikasimamisha gari langu kwenye daraja la ziwani nimpishe. Gari lake likagonga ukingo, likarudi, likagonga tena. Kila likigonga anamwomba Nasibu radhi kwa kumharibia gari. Nikashindwa kuvumilia. Nikataka kumsukuma kidogo tu avuke. Gari langu likaparamia lake, likamnyanyua, likamtupa ziwani. Mimi nikabiringika kichwa chini hadi kwenye mstari wa mwisho. Skrini ikaandika nimeshinda. Ushindi wangu wa kwanza. Watu wakapiga makofi.
Mzee akaitazama pedi, akasema polepole, "Kijana, hii yangu inavuta kushoto."
Vaileth akaichukua, akaigeuza. Skrubu moja mpya, ya aina ninayotumia kwenye simu. Akanitazama mpaka nikaangalia sakafu.

Jumapili, 9 Juni.
Vaileth kasema nikaseme ukweli, la sivyo nisimpigie tena. Baada ya misa nikasema, mbele ya mzee, Hiral na Nasibu. Nasibu akaondoka. Hiral akasema kila anayeulizia fundi wa simu amekuwa akimleta kwangu. Natamani angenitukana.
Mzee akasema kukiri mwenyewe si kazi ndogo. Niende Ushirombo wiki ijayo tusombe mahindi, anijue vizuri. Nilikaribia kulia. Akauliza kama naweza kuswaga ng'ombe wa mkokoteni.
Nikasema, "Nimekulia nyuma yao, baba."

Jumatatu, 10 Juni.
Nimekulia nyuma ya stendi. Leo nimemwomba Mayala, anayeuza maji kwa mkokoteni, anionyeshe ng'ombe wake. Ni wakubwa kuliko nilivyodhani, na mmoja hakunipenda. Basi nitafunga mkono bandeji, niseme umeteguka. Mkono upi, nitaamua njiani.