Chupa ya Maji ya Jirani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Bwawa limegeuka kijani. Si kijani cha kupendeza. Kijani cha kuta za hospitali ya zamani. Mke wangu amechungulia dirisha la jikoni, kikombe cha chai mkononi, akauliza kama siku hizi nimeingia kwenye kilimo. Nimecheka. Yeye hakucheka.

Mimi si mzembe, na naliandika hapa ili lijulikane. Bwawa letu ni la maji ya chumvi. Unamwaga chumvi, maji yanapita kwenye mashine iliyo ndani ya kibanda cha pampu, na mashine inaigeuza chumvi kuwa klorini. Klorini inaua uchafu. Binadamu anabaki na kazi ya kusimamia tu. Nami nimesimamia mwezi mzima, kutoka kwenye kiti changu cha uani, chenye mto. Leo nimefungua kibanda. Plagi ya mashine imechomoka. Tangu lini, Mungu ndiye ajuaye. Nimeichomeka kimyakimya nikafunga mlango.

Sasa balaa lenyewe. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Amefanyiwa upasuaji wa goti na daktari kasema atembee ndani ya maji, maana nchi kavu goti linakataa. Mke wangu ametangaza kwamba ikifika Jumamosi maji hayajatakata, mama yake atafanyia mazoezi kwa Bwana Kioo. Na bwawa letu atakabidhiwa Bwana Kioo alitunze.

Bwana Kioo ni jirani yetu. Jina nimempa mimi. Bwawa lake linang'aa kama kioo, na hawezi kukusalimia bila kulitaja. Wakati wa tangazo hilo alikuwa upande wa pili wa ukuta, masikio yote huku kwetu. Akasema kwa upole kuwa kwake ni kwetu, mama asisite. Upole gani ule! Afadhali angenitukana.

Nimeagizwa nipeleke chupa ya maji dukani yakapimwe. Pale duka la dawa za mabwawa kuna dada mmoja mkali kama pilipili, na alisoma na mke wangu. Nikimpelekea maji ya kijani, habari itafika nyumbani kabla yangu.

Lakini mimi ni wakala wa bima. Kuona hatari kabla haijafika ndiyo kazi yangu. Nina mpango.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango ni huu: maji ya kupimwa yatoke kwa Bwana Kioo!

Nimekwenda kuazima reki kwake. Alipoingia stoo kuitafuta, nikachutama, nikazamisha chupa, nikaifunga, nikaificha ndani ya koti. Alirudi akanikuta nimepiga goti ukingoni. Nikamwambia nayastaajabia maji yake. Alifurahi mno. Akanieleza habari za vidonge vyake vya klorini mpaka miguu ikafa ganzi. Koti lilikuwa linavuja muda wote.

Dukani dada akatia matone, akatikisa, akatazama rangi. Akasema klorini safi, pH safi, maji haya yametunzwa na mtu mwenye akili. Iliniuma kidogo, lakini nilitabasamu. Kisha akakunja uso. Chumvi karibu hakuna kabisa! Akauliza kama kweli bwawa letu ni la chumvi, kwa sababu hata machozi yana chumvi kuliko hii.

Lo! Bwana Kioo hatumii chumvi. Anatumia vidonge. Nimetoka kusikia hotuba nzima juu ya vidonge na bado sikuliwaza hilo.

Dada akasema nichukue magunia ya chumvi hapo hapo. Nikasema nitapitia baadaye. Nikatoka mbio za heshima.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba dada kayasifu maji, kasema yametunzwa na mtu mwenye akili. Kila neno ni kweli! Mke wangu akatazama bwawa, akanitazama mimi, akasema huenda ni macho yake. Nimeshusha pumzi mpaka vifungo vya shati vikalegea.

Jioni nimemwaga klorini ya unga niliyoinunua duka la mbali na kuificha kwenye buti la gari. Nimemwaga kwa ukarimu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwa na gari.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Asubuhi kijani kimekwisha! Maji sasa ni meupe kama maziwa. Huoni hata ngazi ya kwanza. Lakini meupe ni bora kuliko kijani, na mtu asiye na shukrani hupungukiwa. Nikaenda kazini napiga mluzi.

Nimerudi mchana nikamkuta mke wangu uani amevaa mabuti yangu ya mvua, jasho linamtiririka, pembeni rundo la magunia matupu. Yote ya chumvi.

Yule dada alimpigia. Namba iliyo kwenye kumbukumbu za duka ni ya mke wangu. Kamwambia mumeo kasahau mzigo, na bwawa halina chumvi hata ya kutia kwenye yai. Mke wangu, malaika wa watu, akaagiza mzigo uletwe, akamwaga gunia baada ya gunia kwa mikono yake, akasugua sakafu ya bwawa ili chumvi iyeyuke. Alitaka kunisaidia. Alisema ameniona nina mawazo wiki hii.

Bwawa letu lilikuwa na chumvi yake ya kutosha tangu awali! Sasa ina mwenzake.

Nimesema asante. Nimeingia kibandani. Mashine inawaka taa nyekundu na kulia kama kifaranga kilichopotea. Chumvi imezidi, imegoma. Haitoi klorini hata tone.

Nikakaa juu ya ndoo nikajiuliza kama niseme ukweli. Nilifika mpaka mlango wa jikoni. Mke wangu alikuwa anajikanda mgongo kwa ajili ya magunia. Nikamwuliza kama anataka chai.

Afadhali hajajua. Hilo ni jambo la kushukuru.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Sababu niliyotoa: msiba wa kiufundi. Mkuu wangu hakuuliza zaidi.

Nimesoma kijitabu cha mashine kwa mara ya kwanza. Kilikuwa hata hakijatolewa kwenye nailoni yake. Kinasema chumvi ikizidi hakuna dawa ya kuipunguza. Unatoa maji, unaongeza mengine yasiyo na chumvi. Basi! Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamngoja mke wangu atoke, nikafunga mpira kwenye pampu, ncha yake nikaichomeka kwenye mtaro wa nyuma.

Maji yakaanza kwenda. Raha! Mara simu ikalia. Mama mkwe.

Nikaingia ndani nimsikie vizuri. Akanisalimia mwanangu, hujambo, kazi, nyumba. Akasema amenunua nguo ya kuogelea na kofia yake, vya bluu, na shoga zake wamemcheka lakini hajali. Kisha akashusha sauti. Akasema ananiambia mimi kwa sababu binti yake atalia. Tangu upasuaji hajapiga hatua bila kushika kitu. Ukuta, meza, mtu. Usiku anaota anatembea tu, mikono mitupu, haendi popote. Asipolinyoosha goti sasa, daktari kasema litakaza hivyo hivyo, abaki mtu wa kiti. Akauliza maji yako tayari, mwanangu? Nikasema yako tayari, mama.

Nilikata simu. Mama huyu ndiye aliyenitetea siku ya posa, ukoo mzima ukisema maneno yangu ni mengi kuliko mali. Nilisimama pale sebuleni nikaona aibu kwelikweli. Kwa muda mrefu tu.

Muda mrefu kupita kiasi. Nilipotoka nje mpira ulikuwa umeruka kutoka mtaroni, umelala chini ya ukuta kama nyoka aliyeshiba, na maji yote yamepita kwa Bwana Kioo. Kwenye nyasi zake! Nyasi anazozikata kwa mkasi!

Nikasikia ananiita. Nikajua nimekwisha. Kichwa chake kikatokea juu ya ukuta. Akasema amekaa hapa miaka yote hii hajapata jirani wa kumwagilia nyasi bila kuombwa, tena kipindi hiki cha ukavu. Akanishika mkono kwa nguvu. Machozi yalimlenga.

Nikasema si kitu, jirani. Ujirani ni kufaana.

Nimefungulia bomba bwawa lijae upya. Roho imetulia kama maji ya mtungi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Taa ni ya kijani! Mashine inanguruma. Nimeibusu. Ina ladha ya vumbi.

Ila maji bado yana ukungu. Imebaki leo tu. Hakuna namna, lazima yapimwe, na safari hii ni lazima yawe yetu. Lakini nikisema ni yetu, dada atauliza kwa nini Jumanne yalikuwa mengine. Nikafikiri njiani. Nilipofika nikamwambia kuna rafiki yangu ana shida, hajui kutunza bwawa, maskini, nimemletea maji yake kwa huruma.

Dada akapima. Akasema chumvi iko juu kidogo lakini inavumilika. pH imepanda sana, ndiyo maana klorini inakuwepo lakini haina nguvu. Ule weupe ni mwani uliokufa, umejaa kwenye chujio. Rafiki yako aoshe chujio, atie asidi kidogo kidogo huku pampu ikizunguka, na asithubutu kuichanganya asidi na unga wa klorini kama anapenda mapafu yake. Halafu akasema nimwambie huyo rafiki kwamba chumvi haisafishi maji, mashine ndiyo inayosafisha, na mashine inataka mtu wa kuitazama mara kwa mara, si mtu wa kukaa kitini.

Nikauliza amejuaje habari za kiti. Akasema wote wana kiti.

Nimeosha chujio. Maji yaliyotoka humo nisingependa kuyakumbuka. Nimetia asidi kidogo, nikangoja, nikatia tena, nikangoja. Mke wangu akaniletea chai uani, akasema hajawahi kuniona nikifanya kazi muda mrefu hivi. Alasiri ngazi ya kwanza ikaonekana. Kisha ya pili. Magharibi nikaiona sarafu iliyokuwa imelala chini kabisa. Nimekaa chini kwenye saruji, si kwenye kiti, na sikuwa na nguvu hata ya kujisifu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Amekuja! Nguo ya bluu, kofia ya bluu, fimbo.

Mke wangu akamshika upande huu, mimi upande ule, tukashuka ngazi polepole. Maji yalipomfika kiunoni akashika chuma cha pembeni, akasimama. Bwana Kioo alikuwa anachungulia juu ya ukuta, bila shaka akitafuta kijani. Hakukuwa na kijani. Maji yalikuwa safi mpaka kucha za mama zinahesabika.

Mama mkwe akapiga hatua. Akapiga nyingine. Kisha akaachia kile chuma.

Alikwenda mpaka upande wa pili mikono juu, mitupu. Akageuka akacheka, cheko la msichana, akasema haya maji yananibeba, mwanangu, umeyafanya nini? Nikamwambia nimeyapanga hivyo makusudi. Mke wangu alikuwa analia. Mimi nilisema macho yananiwasha kwa klorini, lakini klorini ilikuwa sawasawa kabisa, nimeipima mwenyewe. Nilikuwa nalia. Furaha gani hii, jamani! Nilikuwa nimebeba mlima kifuani tangu Jumatatu na sasa umetua.

Mke wangu amesema mbele ya watu kwamba bwawa linabaki mikononi mwangu. Bwana Kioo akapiga makofi. Ukiona vyaelea, vimeundwa!

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mama mkwe anatembea majini asubuhi na jioni. Jana amevuka sebule bila fimbo kumfuata paka. Mimi nimerudi kwenye kiti. Nimekistahili.

Kuna kijambo kidogo tu. Nyasi za Bwana Kioo zimekuwa rangi ya mkeka. Si zote. Zile zilizo upande wa ukuta wetu. Amekuja akiwa ameshika kofia kifuani, kama mtu aliyefiwa. Anasema haelewi, maana juzi tu zilinyweshwa vizuri na jirani mwema. Anataka udongo ukapimwe kwa bwana shamba. Ameuchota kwenye kopo.

Nilishtuka, lakini mtu aliyevuka wiki kama ile hababaiki. Nikamwambia asijisumbue, mimi napita karibu na ofisi ya bwana shamba, nitampelekea. Akanishika mkono tena.

Njiani nimeumwaga udongo wake. Nimejaza kopo udongo wa kwetu, kutoka bustani ya maua ya mke wangu: mweusi, laini, wenye afya. Bwana shamba atausifu, Bwana Kioo atawalaumu wadudu, na tutaishi kwa amani. Mpango safi kabisa, hauna tundu.

Bwana shamba aliuliza majibu yakitoka ampigie nani. Mimi huwa kwenye vikao. Nimempa namba ya mke wangu.