Punguzo la Wasiokuwepo

Wakazi wote wa Polvarrow, waliopo na wasiokuwepo, wanatangaziwa kwa furaha kuu kwamba kutokuwepo sasa ni huduma kwa jamii, na kila mwenye kuitoa huduma hiyo atashukuriwa kwa kupunguziwa nusu ya kodi ya majengo.

Ndivyo lilivyosema tangazo kwenye mlango wa ukumbi wa mji, juu kidogo ya karatasi ya mtu aliyepotelewa na paka. Aliyeliandika ni Perran Kitto, Katibu wa Baraza, na alilisoma mara nne akiwa amesimama mvuani, kila mara akijiona amerefuka. Neno "huduma" alilitia yeye mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti alikuwa ameandika "fadhila" tu.

Sababu zenyewe hazikuhitaji miwani. Polvarrow, mji mdogo wa pwani ya Cornwall nchini Uingereza, ina nyumba mia mbili na kumi. Mia moja arobaini na tatu ni za watu wa London na kwingineko, ambao huja wiki mbili za Agosti, na Krismasi kama hakuna baridi. Watu hawa, Perran aliwaeleza wote waliomuuliza na wengi ambao hawakumuuliza, hawajazi mapipa ya taka. Hawachakazi barabara. Watoto wao hawamalizi chaki shuleni, na shule ilikuwa imebaki na wanafunzi kumi na mmoja, jambo linaloonyesha jinsi Wasiokuwepo walivyoupunguzia mji mzigo. Hata maiti zao huzikwa kwingine kwa gharama za wengine. Sasa ni haki kweli mtu wa namna hiyo alipe sawa na anayekaa hapa mwaka mzima akipumua?

Pengo litakalobaki lingezibwa na waliopo, kwa tozo mpya.

"Tozo ya nini?" aliuliza shangazi yake, Loveday Hocking. Walikuwa jikoni kwake, chai mezani, shakwe wakigombana juu ya paa.

"Tozo ya Kuwepo, shangazi."

"Yaani nalipishwa kwa sababu nipo?"

"Kitaalamu, unachangia gharama za uwepo wako."

"Makubwa! Na nikifa?"

"Ukifa unahamia kundi la Wasiokuwepo," alisema Perran, na kwa sababu alikuwa mtumishi makini akaongeza, "lakini samani lazima zibaki ndani. Nyumba tupu ina fomu nyingine."

Loveday alimtazama mtoto wa kaka yake kama mtu anayetazama maziwa yaliyoharibika. Alikuwa mama wa miaka sitini na minne, mfupi, mwenye mikono myekundu ya sabuni. Nyuma yake ukutani zilining'inia funguo za nyumba sitini na moja, kila moja na kijikaratasi chake. Ndiye aliyezifungulia madirisha nyumba hizo, akafagia panya waliokufa, akavuta maji vyooni visikauke, na akawasha taa mojamoja ili wezi wadhani kuna watu. Kwa maneno mengine, yeye ndiye aliyekuwepo kwa niaba yao.

"Basi soma na hii, kipenzi," alisema. Huko Cornwall kila mtu ni kipenzi, hata anayekuja kukukatia umeme.

Ilikuwa barua kutoka kwa mwenye nyumba. Kwa miaka ishirini na sita Loveday alikuwa amepanga Namba Nne, Mtaa wa Kanisa, na mwenye nyumba hiyo alikuwa Mheshimiwa Julian Ashcombe, Mwenyekiti wa Baraza, ambaye tayari alikuwa na nyumba yake ya Agosti kule mlimani, yenye vioo vingi. Barua ilikuwa fupi. Mpangaji atahama siku punguzo litakapoanza.

"Anataka ikae tupu," alisema Loveday. "Aliniambia mwenyewe, bila haya. Bila punguzo, nyumba tupu inamtafuna. Likipita, anaweza kuiweka kwa ajili ya wageni wa binti yake. Lakini hebu niambie, punguzo lako si la nyumba ya pili? Hii ni ya tatu!"

"Kisheria," alisema Perran, "ya tatu ni ya pili iliyorudiwa."

"Wee Perran! Mimi nitakwenda wapi?"

Hapo Katibu aliinamia kikombe chake. Alijua vizuri kwamba hakukuwa na nyumba ya kupanga maili thelathini kila upande, kwa sababu takwimu hizo alizikusanya mwenyewe, akazipaka rangi nzuri na kuziita Ramani ya Utulivu. Aliona aibu. Lakini alijikaza kisabuni, akamwahidi shangazi yake Fomu ya Kuhamishika, nakala mbili. Shangazi akamwambia aende nayo akaifungie pasti, ule mkate wao wa nyama.

Jumanne jioni, Baraza lilipokutana kulipitisha punguzo, ukumbi ulifurika. Waliopo walikuja karibu wote, na hawakuja kupiga makofi. Mafundi, wavuvi, mwalimu mmoja kati ya wawili, mama wa duka la mikate, wote walikunja mikono. Mbele waliketi wajumbe saba wa Baraza. Mheshimiwa Ashcombe alikuwa amevaa shati la bluu la wavuvi, alilolinunua London kwa bei ambayo mvuvi angenunulia wavu. Safu ya tatu aliketi Loveday, mfuko wa funguo mapajani, barua juu yake.

"Vipenzi vyangu!" alianza Mheshimiwa.

"Kipenzi chako nani?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"Najua kuna manung'uniko. Lakini mimi si mgeni. Nimekuja hapa Agosti mara kumi na mbili!"

"Mvua nazo huja Agosti!" alisema mama wa mikate, na watu wakacheka kicheko kisichokuwa na urafiki.

Mheshimiwa aliona mambo yanamwendea kombo. Akamwamuru Katibu asome haraka. Perran akasoma kifungu cha kwanza hadi cha nne kwa ile sauti yake ya mazishi, akafika cha tano: "Punguzo pamoja na Tozo ya Kuwepo vitaanza kutumika tarehe mosi Aprili."

"Ngoja!" Mheshimiwa aliinua mkono. Uso wake ulikuwa umeng'aa, maana alikuwa ameona njia ya kuwavuta watu hawa upande wake. "Lugha gani hiyo ya kiofisi? Tuandike kama tunavyosema sisi wenyewe watu wa hapa. Ondoa Aprili. Andika kwamba vitaanza drekli!"

Waliokunja mikono wakaikunjua.

Neno hilo Mheshimiwa alilijua sana. Katika Agosti zote hizo kumi na mbili fundi wa paa, fundi bomba na mwashi walikuwa wakimwambia, "Nakuja drekli, kipenzi." Alidhani ni lile neno la London, "directly", lenye maana ya sasa hivi, ila limesagwa na midomo ya watu wasiosoma. Kweli hawakuja sasa hivi, wengine hawakuja kabisa, lakini hilo aliliweka kwenye uvivu wao. Haikumpitikia hata siku moja kuuliza. Drekli ya Cornwall ni wakati unaoanza baada ya sasa, na mpaka wake wa pili haujawahi kuonekana na mtu. Ukuta wa bandari wa Polvarrow ungetengenezwa drekli tangu Perran hajazaliwa.

Perran alishika kalamu. Kanuni zilimtaka Katibu amshauri Mwenyekiti anapokosea, na katika miaka kumi na tisa hakuwahi kukiuka kanuni hata ya kikombe cha chai. Aliinua macho. Shangazi yake alikuwa anamtazama, barua ya kuhama mkononi.

"Mheshimiwa," alisema polepole, "niandike neno hilo hilo?"

"Hilo hilo."

"Badala ya tarehe?"

"Futa tarehe!"

"Na Baraza limeridhika kwamba linaifahamu maana yake?"

"Bwana Kitto," Mheshimiwa alisema, akitabasamu kwa ajili ya watu wote, "hutanifundisha wewe lugha ya kwetu."

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Perran, akaandika. Mwandiko wake haukuwahi kuwa mzuri namna ile.

Loveday akasimama. "Samahani, Mheshimiwa. Barua yangu inasema nihame punguzo likianza. Sasa nihame lini?"

"Nawe utahama drekli, kipenzi changu."

"Katibu, umeandika na hilo?"

"Limeingia kwenye kumbukumbu, shangazi."

Wajumbe saba wakainua mikono saba. Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga makofi, wakapiga miguu sakafuni, mvuvi mmoja akavua kofia na kuirusha juu, na mama wa mikate alikuwa anafuta machozi. Mheshimiwa naye yalimlengalenga. Hakuwahi kupendwa hivyo. Kwa furaha hiyo akadai fomu ya kwanza ya kuomba punguzo, akaijaza palepale mbele ya watu, akaitia sahihi yenye mkia mrefu. Wajumbe wenzake, ambao wote walikuwa na nyumba zao za kweli mahali pengine, hawakukubali kuachwa nyuma. Wakagombea kalamu.

Mwezi Aprili Mheshimiwa aliandika kutoka London kuuliza mbona kodi imekuja nzima. Akajibiwa drekli. Mwezi Mei wakili wake aliandika kurasa sita. Akajibiwa drekli, na nakala ya kumbukumbu za kikao ikaambatanishwa. Mwezi Juni Mheshimiwa alipiga simu mwenyewe.

"Kitto! Nimeambiwa maana ya neno lile. Mmenifanya mjinga!"

"Ofisi hii haina bajeti ya kazi hiyo, Mheshimiwa. Ulijitolea."

"Itisha kikao cha dharura. Nakuja kurekebisha kifungu!"

"Hapo pana ugumu kidogo," alisema Perran, na kusema kweli alikuwa anajisikia vizuri kuliko siku ya lile tangazo. "Kwenye fomu ya punguzo umeandika, kwa mkono wako, 'Mimi sikai Polvarrow.' Kanuni ya tatu inamtaka mjumbe awe anakaa Polvarrow. Viti saba vilikuwa wazi tangu usiku ule, maana fomu zilikuwa saba. Tulifanya uchaguzi mwezi uliopita."

Mheshimiwa alisikika akipekua karatasi.

"Basi nipe huyo mwenyekiti mpya," alisema Mheshimiwa.

Perran akasogeza simu upande wa pili wa meza.

"Habari za huko, kipenzi?" alisema Loveday.

"Loveday? Wewe? Sikiliza, Namba Nne ni nyumba yangu!"

"Yako kabisa. Mimi nakaa tu, na pango nalipa. Nitahama kama ulivyosema mbele za watu, wala sina kinyongo."

"Na hii barua niliyoletewa leo ni upuuzi gani? Eti nyumba zisizokaliwa zitalipa kodi mara mbili?"

"Si upuuzi. Tumepitisha Jumatano. Ya kule mlimani imo. Namba Nne haimo, maana nipo."

Mheshimiwa alivuta pumzi. Alikuwa msomi, na wasomi hujifunza. Sauti yake ikawa laini, karibu na ya urafiki. "Nimekuelewa. Na hiyo nayo itaanza drekli, siyo?"

"Hapana, kipenzi," alisema Loveday, akivuta karatasi karibu na miwani. "Jumatatu, saa tatu asubuhi. Hii tuliwaandikia kwa lugha yenu."